Taa Nyekundu Isiyosema Kosa Liko Wapi: Kutafuta Hitilafu katika Vifaa vya Faiba Visivyotumia Umeme

Katika njia ya faiba inayotoka kituoni Chake Chake hadi nyumbani kwa mteja, vifaa vinavyohitaji umeme kwa kawaida ni viwili tu: mtambo ulio kituoni na modemu iliyo ukumbini. Vyote vilivyo katikati, yaani konekta, adapta (tundu ambamo konekta mbili hukutana), pachikodi (waya mfupi wa faiba wenye konekta pande zote mbili), maungio ya nyuzi, splita (kigawa mwanga), vipunguza mwanga na vichujio vya mawimbi, hufanya kazi bila betri, bila taa na bila kumbukumbu ya makosa. Umeme ukikatika kijiji kizima, splita iliyo juu ya nguzo haina habari. Hiyo ni neema, lakini ndiyo pia shida yake, kwa kuwa kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutoa taarifa kwamba kimeharibika. Mteja huona taa nyekundu ya LOS (kifupi cha Kiingereza cha kupotea kwa ishara) kwenye modemu, na taa hiyo husema jambo moja tu, kwamba mwanga haujafika.

Mafundi wengi wakiiona hukimbilia kubadilisha kitu, na splita ndiyo inayosingiziwa mara nyingi zaidi, labda kwa sababu ndiyo inayoonekana ya ajabu kuliko vyote. Baada ya kupanda ngazi nyingi Unguja na Pemba, mimi nimeiweka splita mwisho wa orodha ya washukiwa na uso wa konekta mwanzo. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata dalili, kwa kuwa dalili ndiyo anayokutana nayo fundi kabla hajajua chanzo.

Jambo la usalama litangulie. Mwanga wa data hauonekani kwa macho, hivyo uzi unaoonekana mweusi unaweza kuwa umebeba mwanga wa kudhuru jicho. Usichungulie ncha ya uzi wala konekta iliyo wazi, na usitumie hadubini ya kutazamia kwa jicho kwenye uzi ambao hujaupima. Hadubini yenye skrini ni salama zaidi. Vipande vya uzi uliokatwa vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko, maana kipande kikiingia kwenye ngozi hakionekani na kukitoa ni kazi.

Hesabu ya mwanga itangulie bisibisi

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa dBm, kipimo ambacho sifuri yake ni miliwati moja. Namba hasi maana yake ni chini ya miliwati moja, na kila desibeli 3 zinazopotea huondoa karibu nusu ya mwanga uliokuwapo. Mtandao wa majumbani wa aina ya GPON hupeleka data kwa mteja kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1490, na modemu hurudisha kwa nanomita 1310. Katika daraja la nguvu liitwalo B+ modemu inatakiwa iweze kusoma mwanga dhaifu hadi −27 dBm, na haitakiwi kupewa mwanga unaozidi −8 dBm.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mtambo unatoa +3 dBm. Uzi wa kilomita 8 unakula desibeli 2, kwa kadirio la desibeli 0.25 kwa kila kilomita. Splita ya njia 32 inakula kama 17. Konekta nne, kila moja 0.3, zinakula 1.2, na maungio sita ya kuyeyusha, kila moja 0.1, yanakula 0.6. Jumla ni desibeli 20.8, kwa hiyo mteja anapaswa kupata karibu −17.8 dBm. Fundi anayeijua namba hii kabla hajatoka ofisini akipima −18 kwenye ncha inayoingia kwenye modemu, hana sababu ya kufungua kitu chochote njiani. Akaangalie modemu yenyewe na usajili wake. Akipima −25, modemu huenda bado inawaka kijani, nayo ndiyo hali inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa huduma ipo lakini desibeli 7 zimepotea mahali, na upungufu mdogo ujao utaizima kabisa.

Wapo wanaoona splita inakula desibeli 17 wakadhani imekufa. Splita ya njia 32 hugawa mwanga kwa nusu mara tano, na nusu tano hizo peke yake ni desibeli 15. Mbili zinazobaki ni upotevu wa kifaa chenyewe. Kwa kadirio hilohilo, splita ya njia 2 hula kama 3.5, ya njia 4 kama 7, ya njia 8 kama 10.5, na ya njia 16 kama 14. Namba hizi zinafaa kukaa kichwani, kwa sababu ndizo zinazokuambia kama unachokiona ni ugonjwa au ni hali ya kawaida ya kifaa.

Nani amekosa huduma?

Swali hili hujibiwa kwa simu kabla ya kuwasha gari, na jibu lake hukata kazi kwa zaidi ya nusu. Mtandao huu umekaa kama mti: shina linatoka kituoni, linagawanyika kwenye splita, na matawi yanakwenda majumbani. Akikosa mteja mmoja huku jirani zake wa splita ileile wana huduma, hitilafu iko kwenye tawi lake, kuanzia tundu la splita hadi kwenye modemu. Wakikosa wote wa splita moja, hitilafu iko kabla ya splita hiyo au kwenye uzi unaoingia ndani yake. Pale palipowekwa splita mbili kwa kufuatana, tuseme ya njia 4 karibu na kituo na ya njia 8 mtaani, wakikosa wateja wanane tu kati ya thelathini na wawili, unajua moja kwa moja ni mguu upi wa splita ya kwanza wa kufuatwa.

Ukifika kwenye kisanduku, pima matundu mawili au matatu ya splita kabla ya kutoa hukumu. Matundu ya splita nzuri hutofautiana kwa kiasi cha desibeli moja hivi. Yote yakiwa chini kwa kiwango kimoja, splita haina kosa. Mwanga unaoiingia ndio uliopungua. Likiwa chini tundu moja tu, lisafishe na ulipime tena, na likibaki vilevile mhamishie mteja kwenye tundu la akiba. Hapo tu ndipo unapoweza kusema kwamba splita ina kasoro, na hata hapo mara nyingi kilichoumia ni mkia wake, yaani uzi mfupi unaotoka ndani yake, uliobanwa na mfuniko, si kijiwe chake cha kioo.

Kuna hali moja inayofanana na hitilafu ya shina lakini sivyo: wateja wote wa tundu moja la mtambo wanakatikakatika, ilhali mwanga unaowafikia unapimika vizuri na taa ya LOS haiwaki. Aghalabu modemu ya mtu mmoja imeacha kusubiri zamu yake na inatoa mwanga muda wote, ikawazibia wengine njia ya kurudi. Hakuna usafi wa konekta utakaoiponya hali hiyo. Chomoa tawi moja baada ya jingine kwenye splita mpaka wengine warudi. La mwisho kuchomolewa ndilo lenye mkosaji.

Mteja mmoja, mwanga dhaifu

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na hapa ndipo nitakapokaa. Kiini cha uzi wa modi moja, kile kinachobeba mwanga, kina upana wa takriban mikromita 9, wakati uzi wenyewe bila koti ni mikromita 125. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko kiini hicho mara kadhaa. Punje moja ya vumbi la chokaa kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe inatosha kukifunika, na alama ya kidole chenye mafuta ya nazi, au kilichotoka kuchambua karafuu, huacha utando unaofifisha mwanga na kukamata vumbi zaidi. Uchafu ukibanwa kati ya feruli mbili, yaani ncha za konekta zinazoshika uzi, hausagiki na kuondoka. Huchimba kioo, na konekta iliyochimbika haisafishiki tena.

Kanuni ya kazi ni kutazama, kusafisha, kutazama tena, ndipo kuunganisha. Anza na usafi mkavu, kwa kalamu ya kusafishia au kaseti ya utepe, na uvute upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Uchafu ukigoma, tumia tone dogo la spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha malizia kwa sehemu kavu. Spiriti ya duka la dawa, ambayo mara nyingi ni ya asilimia 70, ina maji mengi na huacha madoa inapokauka. Fulana uliyoivaa si kitambaa cha kusafishia, na pumzi ya mdomo si upepo: katika hewa yetu ya pwani, kupuliza konekta ni kuitilia mvuke.

Sehemu mbili husahauliwa. Ya kwanza ni upande wa pili, ule uliomo ndani ya adapta, ambao hauonekani na kwa hiyo haushukiwi. Ukisafisha konekta ya nje ukaichomeka kwenye adapta chafu, umeichafua upya. Ya pili ni pachikodi mpya. Niliwahi kubadilisha pachikodi mbili katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, mwanga ukabaki −26 dBm, nikaanza kuilaumu splita ya mtaani. Hadubini ilipoletwa ilionekana kwamba pachikodi zote mbili zilikuwa na utando uliotoka kwenye vifuniko vyake vya plastiki. Ya kwanza, niliyokuwa nimeshaitupa kwenye mkoba, ilisafishwa na kurudishwa, na kipimo kikasoma −19.

Kijani na buluu

Dalili yake ni hii: huduma ilikuwa nzuri, mtu akabadilisha pachikodi, mwanga ukashuka ghafla kwa desibeli kadhaa au ukazimika, na kusafisha hakusaidii. Tazama rangi. Konekta ya kijani ni APC, ambayo uso wa feruli yake umekatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa usirudi kwenye chanzo. Ya buluu ni UPC, ambayo uso wake umenyooka na kuviringwa kidogo. Zinaingia katika tundu moja bila kulalamika, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu nyuso zake hazikutani sawasawa, hewa inabaki katikati, mwanga unapotea na sehemu yake inaakisiwa kurudi. Zikikazwa kwa nguvu zinaweza pia kukwaruzana.

Katika skuli moja ya Wete nilikuta adapta ya kijani iliyochomekwa pachikodi ya buluu kwa sababu duka halikuwa na nyingine. Kilichonunuliwa madukani kwa ajili ya kuunganisha swichi za ofisini mara nyingi ni buluu, na kinachohitajika kwenye visanduku vya majumbani mara nyingi ni kijani. Tembea na pachikodi ya akiba yenye kijani upande mmoja na buluu upande wa pili, kwa ajili ya vifaa vya kupimia, na usiiache kwa mteja kama hujahakikisha kwamba modemu yake inataka hivyo.

Mwanga wa 1310 unapita, wa 1550 hauonekani

Tofauti ya mawimbi ndiyo shahidi mkweli kuliko wote. Konekta chafu hula mwanga wa mawimbi yote kwa kiasi kinachokaribiana. Uzi uliokunjwa hauko hivyo: mwanga wa wimbi refu huvuja kwenye kona kuliko wa wimbi fupi. Kwa hiyo ukipima njia moja kwa nanomita 1310 na kwa 1550, ukaona upotevu wa mahali fulani ni mkubwa zaidi kwenye 1550, tafuta kona, msumari, klipu iliyobana au mlango unaofungwa juu ya waya. Ukiwa karibu sawa kwa mawimbi yote mawili, rudi kwenye konekta na maungio.

Uzi wa kawaida wa kiwango cha G.652 usizungushwe kwa nusukipenyo cha chini ya milimita 30. Uzi wa G.657.A1 huvumilia milimita 10 na wa A2 milimita 7.5, nao ndio unaofaa nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe na vishimo vinavyopinda. Lakini ustahimilivu huo umewafanya baadhi yetu kuwa wazembe: uzi wa A2 ukiungwa na mkia wa G.652 ndani ya kisanduku, kisha vyote viwili vikasokotwa kwa pamoja, utakaoumia ni ule mkia.

Kalamu ya mwanga mwekundu husaidia sana hapa, hasa usiku au chumbani palipofungwa madirisha. Iwashe kutoka upande wa mteja kuelekea kwenye splita, nawe utauona wekundu ukivuja penye kona. Ukiiwasha kutoka kituoni, splita itaugawa mwanga huo mdogo hadi usionekane.

Huduma inakuja na kuondoka

Kwanza uliza inaondoka lini. Ikiwa ni wakati wa upepo, hasa kusi linapovuma kwa siku nyingi, angalia waya wa hewani unaokwenda nyumbani: kishikio kimelegea, waya unasugua bati, au kuti la mnazi limeuangukia na kuuacha ukining'inia kwa uzito wake. Pemba, ambako waya hupita kati ya mikarafuu na minazi, nimeona matawi yakihamisha mvuto wote kwenye konekta iliyo ndani ya kisanduku, konekta ikatoka nusu milimita bila kuchomoka. Konekta ya SC ilie inapoingia, isipolia haijaingia. Adapta nayo ina kimrija cha seramiki kinachoshika feruli mbili zikabiliane, na kimrija hicho kikipasuka mwanga hupanda na kushuka ukiigusa tu. Adapta ni rahisi; ukiishuku, ibadilishe.

Ikiwa ni baada ya mvua za masika, watu husema maji yameingia kwenye kloza, yaani kisanduku kinachofunika maungio ya nyuzi, na mara nyingi ni kweli, lakini namna maji yanavyodhuru inaeleweka vibaya. Maji hayazuii mwanga uliomo ndani ya uzi mzima. Yanachofanya ni kuingia kati ya nyuso za konekta, kuosha jeli ya maungio ya kubana (yale yasiyoyeyushwa), kuleta tope, na kwa muda mrefu kudhoofisha kioo kilichovuliwa koti. Ndiyo maana kloza iliyojaa maji inaweza kufanya kazi miezi mingi, kisha ikaanza kusumbua katikati ya kiangazi. Unapoifungua, kausha, badilisha mpira wa kuzibia badala ya kuugeuza, na uelekeze matundu ya waya chini. Sisimizi wakiwa wameshahamia ndani, toa mayai yao pamoja na udongo wote. Wakibaki wachache, utarudi.

Kwa visanduku vya Nungwi, Paje na kwingineko kulikokaribiana na bahari, chumvi hula skrubu na springi za chuma kabla ya kugusa plastiki. Kifuniko kisichokaza tena kwa sababu ya skrubu iliyooza kinaharibu kila kilichomo ndani.

Mwanga ukizidi

Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kuhesabu upungufu. Majengo mawili yaliyopakana yakiunganishwa kwa moduli zilizotengenezwa kwa kilomita 80, mwanga unaofika ni mwingi mno, kipokezi kinakuwa kiziwi, na data inajaa makosa. Katika hali mbaya kipokezi kinaungua. Vivyo hivyo fundi anayejaribu modemu mezani kwa kuiunganisha na mtambo moja kwa moja bila splita anaipa +3 dBm kifaa ambacho mwisho wake ni −8. Tiba ni kipunguza mwanga cha desibeli zinazotosha, 15 kwa mfano huu wa mezani, baada ya kupima.

Kipunguza mwanga kina maudhi yake. Baadhi yake hufanana sana na adapta ya kawaida, isipokuwa kwa namba ndogo iliyoandikwa ubavuni, na nimeona kimoja kikitumika kama adapta kwenye fremu kwa sababu kilikuwa kimelala katika boksi moja nazo. Ukikuta njia imepoteza desibeli 5 au 10 kamili bila dalili ya kona wala uchafu, soma ubavu wa kila adapta.

Vichujio vya mawimbi vinavyochanganya huduma mbili kwenye uzi mmoja hukosewa zaidi kwa kuchomekwa tundu lisilo lake. Dalili ni huduma moja kuwa nzima na nyingine kufa kabisa. Vizuizi vya mwanga wa kurudi vina mshale. Ukivigeuza, njia inaziba.

Mafumbo ya OTDR

OTDR, kifaa cha kupimia uzi kutoka ncha moja, hutuma mpigo wa mwanga na kusikiliza unachorudisha, na kwa hiyo huona konekta na maungio kwa tofauti: maungio mazuri ya kuyeyusha huonyesha kishuko kidogo bila kilele, ilhali konekta, ufa, au maungio ya kubana yaliyokauka jeli huonyesha kilele cha kuakisi. Tumia uzi wa kuanzia wenye urefu wa mita 500 au zaidi, kwa sababu kifaa hakioni vizuri kilicho karibu na mdomo wake, na konekta ya kwanza, ambayo ndiyo mshukiwa mkuu, ingepita bila kuhojiwa.

Mara nyingine maungio huonekana kama yameongeza mwanga. Hakuna maungio yanayoongeza mwanga. Nyuzi mbili zenye viini vya upana tofauti kidogo zimekutana, na ule wa pili unarudisha mwanga zaidi kuelekea kwenye kifaa. Pima kutoka pande zote mbili na uchukue wastani: upande mmoja ukisoma ongezeko la 0.10 na mwingine upotevu wa 0.30, upotevu halisi ni 0.10, na hakuna haja ya kukata na kuunga upya. Kilele kinachojitokeza kwa umbali ambao ni mara mbili kamili ya umbali wa konekta yenye kuakisi sana huwa ni kivuli chake. Safisha konekta hiyo, kivuli kitaondoka.

Ukipima kutoka kwa mteja wakati jirani zake wanaendelea na kazi, tumia OTDR ya nanomita 1650 yenye kichujio. Mpigo wa 1310 utapita kwenye splita hadi kituoni na kuwavuruga wote.

Kazi ikiisha, pima tena kwa mawimbi mawili na uandike ndani ya kifuniko cha kisanduku tarehe, namba ya tundu, rangi ya uzi na kipimo kilichopatikana, ili fundi atakayekuja baada yako aanzie kwenye namba. Wino wa kudumu hufutika kwa spiriti ileile ya kusafishia konekta, kwa hiyo andika juu kabisa, upande ambao kitambaa hakifiki.